Brenda Fassie: aliyechezesha Afrika nzima, dawa za kulevya zikamumaliza

Wimbo Vuli Ndlela ukipigwa kwenye arusi, hata mama mukwe anainuka. Wengi wanaucheza bila kujua maisha ya mwenye kuuimba, Brenda Fassie wa Afrika Kusini.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1964 huko Langa, mutaa wa watu weusi pembeni ya Cape Town. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mudogo sana. Mama yake alikuwa anapiga piano, na mutoto akiwa na miaka 5 tu alishaanza kuimbia watalii ili wapate feza kidogo. Alipofikisha miaka 16, Koloi Lebona, mutu wa studio, alimusikia na kumupeleka Soweto.

Mwaka 1983, pamoja na kundi la Big Dudes, alitoa Weekend Special. Ni kilio cha mwanamuke aliyechoka kupendwa mwisho wa juma tu. Sinte na ngoma za mashine ndizo zilibeba wimbo. Muziki wa namna ile waliupa jina la bomboni ya kutafuna: tamu, lakini hauna uzito.

Brenda alionyesha kwamba sivyo. Mwaka 1989 aliimba Too Late for Mama, habari ya mama aliyepigwa na radi akienda kuchota maji, mutoto mugongoni. Kwetu huku, fasi akina mama wanapandisha milima na bido la maji, hilo halihitaji maelezo. Mwaka 1990, Mandela alipotoka gerezani, alimuimbia Black President.

Kisha dawa za kulevya zikamushika. Alikosa maonyesho, watu wakasema amekwisha. Lakini mwaka 1997, yeye na Chicco Twala walitoa albamu Memeza, yaani piga kelele. Humo ndimo Vuli Ndlela ilitoka, na mwaka 1998 hakuna albamu iliyouzwa kuipita kule Afrika Kusini.

Mwezi wa Aprili 2004 alianguka nyumbani. Mandela na Rais Mbeki walienda kumuona hospitalini. Alikufa tarehe 9 Mei, na miaka 39. Uchunguzi ulikuta kokaini mwilini.

Vijana wetu wanaoimba, na ninyi munaowazunguka: makofi ya watu hayatibu ugonjwa huo. Mwenzenu akianza kupotea, musingoje mupaka aanguke.