Blumberg: Aliyefichua kirusi cha homa ya ini

JULAI 28 huadhimishwa kote duniani kuwa siku ya kupambana na homa ya ini. Tarehe hiyo iliteuliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Baruch Blumberg, mjini New York, Marekani, mwaka wa 1925.

Mama mjamzito anayetoka Ndara kwenda kliniki mjini Voi huenda hajapata kulisikia jina hilo. Hata hivyo, damu yake inapopimwa homa ya ini aina ya B, kinachotafutwa ni kitu alichokiona Blumberg mwaka wa 1963.

Akisomea udaktari, Blumberg alikaa miezi kadhaa Moengo, mji wa machimbo nchini Suriname. Huko aliona kuwa ugonjwa ule ule wa minyoo haukuwashika watu wa asili mbalimbali kwa kiasi kimoja. Kwa nini huyu augue na jirani yake anusurike? Swali hilo lilimwandama maisha yake yote, akawa anakusanya damu za watu wa mataifa mengi na kuzilinganisha.

Ndipo yeye na mwenzake, Harvey Alter, walipogundua protini ngeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Kwa miaka kadhaa alidhani ni jambo la kurithi. Mwaka wa 1967 mhudumu wa maabara yake, ambaye damu yake haikuwa na protini hiyo, aliugua, alipojipima akaikuta. Alikuwa na homa ya ini. (Wasomaji wasiichanganye na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu.)

Mwaka wa 1969 Blumberg na Irving Millman waliomba hataza ya chanjo, na mwaka wa 1976 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Carleton Gajdusek.

Faida kubwa zaidi imewaendea watoto. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukifukuza kirusi wenyewe. Lakini kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki nacho, na baadhi yao hupatwa na saratani ya ini ukubwani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka mtoto achanjwe kabla ya saa 24 kupita, na tangu 2020 limependekeza mama mwenye virusi vingi apewe dawa ya tenofovir katika miezi ya mwisho ya mimba. Kunyonyesha hakukatazwi.

Hapo ndipo penye ugumu. Chanjo ya pamoja iliyoanza kutumika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutolewa kuanzia wiki ya sita. Kwa mtoto ambaye mama yake hakupimwa, akajifungulia nyumbani mbali na hospitali, wiki hizo sita ni nyingi mno.

Uzeeni Blumberg aligeukia utafiti wa uhai katika sayari nyingine, akaiongoza taasisi ya NASA ya taaluma hiyo. Alifariki California Aprili 5, 2011, akiwa na umri wa miaka 85, muda mfupi baada ya kuhutubia mkutano katika kituo cha shirika hilo.