Vittorio Erspamer na Siri ya Ngozi ya Chura

Mvua za masika zinaponyesha Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, vyura hulia usiku kucha. Watu wengi huwadharau. Watoto huwapiga mawe. Lakini yuko daktari mmoja aliyetumia miaka mingi kuchunguza ngozi za vyura. Kazi yake ilisaidia watu kujua jinsi mwili unavyosikia maumivu.

Daktari huyo aliitwa Vittorio Erspamer. Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Malosco. Ni kijiji cha milimani, kama vijiji vya Meru. Wakati huo kilikuwa chini ya Austria. Sasa kimo Italia. Alisomea udaktari katika mji wa Pavia, akamaliza mwaka 1935. Kazi aliyoipenda ni ya uchunguzi katika maabara.

Kwanza tuelewe jambo moja. Ukichomwa na mwiba shambani, habari hupita katika mishipa ya fahamu. Hutoka mguuni, hupanda uti wa mgongo, hufika kwenye ubongo. Mshipa mmoja unapoishia, humwaga kemikali kidogo. Kemikali hiyo ni kama ufunguo. Mshipa unaofuata una makufuli yake, nayo huitwa vipokezi. Ufunguo ukiingia katika kufuli lake, habari huendelea. Ufunguo usio wake haufungui. Kwa hiyo anayetaka kutuliza maumivu hana budi kujua funguo ni zipi, na makufuli yako wapi.

Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu funguo hizo katika mwili wa mtu ni kidogo mno. Erspamer alizitafuta kwa wanyama wenye nazo kwa wingi. Alianza na pweza, mnyama wa baharini. Katika mate ya pweza mdogo wa Ulaya alipata ufunguo mmoja, na mwaka 1962 umbo lake likajulikana. Kisha akageukia vyura. Alichunguza mamia ya aina za vyura kutoka pande nyingi za dunia. Mkewe, Giuliana, alifanya kazi hiyo pamoja naye.

Mwaka 1977 Erspamer na wenzake walitangaza ufunguo mwingine, waliouita kasinini. Ulitoka katika ngozi ya chura wa Afrika. Chura huyo yupo hata Tanzania. Ana mistari mgongoni, naye hupenda kutembea na kukimbia kuliko kuruka.

Erspamer alifundisha kwamba ngozi ya chura, utumbo na ubongo ni kama ndugu watatu. Ukipata kitu kwa mmoja, kitafute kwa wengine. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1983 watafiti wa Japani walipata katika uti wa mgongo wa nguruwe funguo zinazofanana sana na kasinini. Baadaye ilijulikana kuwa binadamu pia anazo.

Ndipo watafiti walipochora ramani. Walizitia funguo alama, wakazimwaga juu ya vipande vyembamba vya ubongo na uti wa mgongo, vikiwemo vya watu waliokwisha fariki. Wakatazama zinashika wapi. Penye alama, hapo pana makufuli.

Lakini kupata ramani si kufika safari. Ilitengenezwa dawa ya kuziba kufuli moja la ukoo huo. Walitumaini itatuliza maumivu. Haikufaa. Hata hivyo ilionekana kuwa inazuia kutapika, maana makufuli hayo yako pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza kutapika. Tangu mwaka 2003 dawa hiyo huwasaidia wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na dawa kali.

Erspamer alifariki mwaka 1999 mjini Roma, akiwa na umri wa miaka 90.

Ndugu msomaji, usijaribu kujitibu kwa ngozi ya chura. Mwaka 1981 Erspamer na wenzake walitangaza kemikali ya chura wa Amerika ya Kusini yenye nguvu kuliko mofini, dawa kali ya maumivu. Kitu chenye nguvu hivyo huweza kuua.

Lakini chura tusimuue bure. Olmotonyi kipo Chuo cha Misitu, ambako watu hujifunza kutunza miti. Msitu ukikatwa, chemchemi hukauka. Chemchemi ikikauka, chura naye hutoweka, pamoja na funguo ambazo bado hazijachunguzwa na mtu. Huenda mmoja wao ungetuliza maumivu ya mtoto wako.

Maswali
1. Kipokezi hufanya kazi gani katika mwili?
2. Kwa nini Erspamer alichunguza pweza na vyura?
3. Ramani ya vipokezi ilichorwaje?
4. Katika kijiji chenu, chemchemi zinatunzwa namna gani? Zungumzeni darasani.