Alexander Fleming, mutu wa penisilini

Karibu kila jamaa ya mufanyakazi wa mugodi inajua penisilini. Mutoto akianza kukohoa na kuhema mbio, jirani wa kwanza anayepita atasema: mumununulie amoxicilline, ile ni ya jamaa moja na penisilini. Lakini mutu aliyeivumbua, Alexander Fleming, ni yeye mwenyewe aliyesema kama dawa ile haiponeshi kila kitu, na kama ukiikunywa ovyo inaweza kuleta kifo kwa mutu mwingine asiye na kosa. Basi tueleze maisha yake.

Alizaliwa tarehe 6 Augusti 1881 kwenye shamba la Lochfield, karibu na Darvel, kule Scotland. Alikuwa na miaka 7 wakati baba yake alikufa. Alipokuwa kijana alienda kukaa London na ndugu zake, akafanya kazi ya karani kwenye kampuni ya meli muda wa miaka 4. Njo feza kidogo za urithi zikamufikia, akaingia masomo ya uganga kwenye hospitali ya St Mary's. Katika 1906 alimaliza, akabakia palepale kufanya kazi kwenye labo mpaka uzee.

Mukubwa wake kwenye ile labo aliitwa Almroth Wright. Na hapa habari inatugusa sisi watu wa migodi. Katika 1911 wenye migodi ya zahabu ya Transvaal, Afrika ya Kusini, walimuita Wright juu ya nimonia. Wafanyakazi waliotoka inchi za joto walikuwa wanakufa kwa wingi katika kampi, kule walikuwa wanalala wengi ndani ya chumba kimoja. Wright akajaribu chanjo, lakini haikumaliza ugonjwa. Kisha wanganga wa Johannesburg wakatambua kama mikrobi ya nimonia iko na aina nyingi, na chanjo ya aina moja haikingi mutu na aina ingine. Jina la ugonjwa ni moja, adui ni wengi.

Fleming alijifunza vile vile kwa njia yake. Wakati wa vita ya 1914-1918 alitumwa Boulogne, Ufaransa, kutunza askari. Aliona dawa kali za kusafisha vidonda zinaua chembe za damu zinazokinga mwili, na mikrobi zinabakia ndani kabisa ya kidonda. Tangu ile siku alitafuta kitu kinachoua mikrobi bila kuumiza mutu.

Katika Septemba 1928 alirudia kutoka likizo, akakuta kuvu, sawa ile inayoshika mukate wa zamani, imeota ndani ya kisahani alimokuwa anafuga mikrobi. Kando ya kuvu mikrobi zote zilikuwa zimekufa. Maji ya kuvu ile akayaita penisilini.

Kisha akafanya kazi ambayo watu wengi wanaisahau. Alijaribu maji yale juu ya mikrobi mbalimbali, moja moja. Zingine zilikufa, kama vile mikrobi kubwa ya nimonia inayoitwa pneumocoque. Zingine hazikusikia kitu hata kidogo. Alipoandika habari ile katika 1929, aliandika mambo yote mawili: zile zinazokufa na zile zisizokufa.

Yeye mwenyewe hakuweza kuisafisha mpaka iwe dawa. Ni Howard Florey na Ernst Chain, na wenzao wa Oxford, waliofaulu. Katika 1941 walimupa polisi mumoja aliyekuwa anaoza kwa mikrobi. Akaanza kupata nguvu, lakini dawa ikaisha mbele mikrobi haijaisha. Ugonjwa ukarudia, akakufa.

Watu wanapenda kusema kama Fleming alimuponesha Winston Churchill. Haiko kweli. Katika Desemba 1943 Churchill alishikwa nimonia kule Tunisia, na wanganga wake wakachagua dawa ingine, ya jamaa ya sulfamide. Akapona. Hawakufuata dawa yenye sifa. Walifuata ile waliyojua inafaa.

Katika 1945 Fleming, Florey na Chain walipata prize Nobel pamoja. Kule Stockholm Fleming hakujisifu tu. Alieleza mufano wa baba mumoja anayeumwa koo. Anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo. Haitoshi kuua mikrobi, inatosha tu kuzifundisha kuvumilia dawa. Anaambukiza bibi yake. Bibi anashikwa nimonia, wanamupa penisilini, dawa haifanyi kazi, anakufa. Fleming akasema wazi kama mwenye kosa la kifo kile ni yule bwana.

Fleming alikufa London tarehe 11 Marsi 1955, wakamuzika ndani ya kanisa kubwa la St Paul's. Onyo lake halikuzikwa naye. Leo mikrobi nyingi zimekwisha kujifunza kuvumilia dawa, sawa alivyosema.

Ba baba na ba mama, kikohozi cha mutu wa mugodi kinaweza kuwa nimonia, kinaweza kuwa kifua kikuu, kinaweza kuwa vumbi ya mawe imeharibu mapafu. Penisilini haiponeshi kifua kikuu, wala haitoi vumbi. Kikohozi kikipita wiki mbili, wapime makohozi. Mutoto akihema mbio, ao kifua chake kinaingia ndani wakati anavuta pumzi, musianzie kwenye meza ya muuza dawa: mumupeleke kwa munganga siku ile ile. Na dawa aliyowapa, mumalize siku zote alizoandika, hata kama mugonjwa anacheka na anaomba bukari. Vidonge vitatu vilivyobakia ndani ya kabati haviko akiba. Ni masomo mikrobi inapewa bure, na atakayelipa anaweza kuwa mutu unayelala naye nyumba moja.