Imam Ghazali na shaka mbili

Wengi wetu hapa Pwani tunamjua Imam Abu Hamid Ghazali kwa kitabu chake, Ihyaa Ulumiddin. Si wengi wajuao kwamba mwalimu huyu aliwahi kusimama mbele ya wanafunzi wake akashindwa kutamka neno.

Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, akafiwa na baba angali mdogo. Alisoma Nishapur kwa Imam Juwayni. Mwaka 1091, akiwa na miaka 33 hivi, waziri Nizam al-Mulk alimpa kazi ya kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Akawa na wanafunzi 300 na jina kubwa.

Mwaka 1095 nafsi ilimsuta. Je, alisomesha kwa ajili ya Mungu, au kwa kutaka sifa? Kwa karibu miezi 6 aliazimia kuondoka, kisha akaghairi. Mwishowe ulimi ukagoma, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akashika njia. Alikaa Sham, akazuru Baitul Maqdis, akahiji, kisha akarudi kwao. Katika miaka hiyo ya faragha ndipo alipoandika Ihyaa.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1106, aliitwa kufundisha Nishapur. Shaka ikamrudia kwa sura nyingine: abaki faraghani, dunia imeharibika, yeye ataweza nini? Safari hii alijipekua, akaona upweke wake waweza kuwa kisingizio cha uvivu, raha na kukwepa maudhi ya watu. Akashauriana na watu aliowaamini, akarudi darasani. Alifariki Tus mwaka 1111.

Shaka ya kwanza ilimwambia kweli, ya pili ilitaka kumlaza. Kwetu unyenyekevu ni sifa njema, lakini mara nyingi huwa ni pazia. Mwalimu mwenye vyeti vyote haombi nafasi ya mwalimu mkuu, asema yeye nani. Fundi hodari auza kazi yake kwa bei ya bure kwa kuogopa kukataliwa.

Basi ndugu msomaji, shaka ikikujia usiitii wala usiifukuze kabla ya kuihoji: yalinda nia yako, au yalinda raha yako? Na kama huna hakika, usijihukumu peke yako. Hata Ghazali, pamoja na elimu yake yote, aliuliza wenzake.