Elizabeth Hughes na Sindano Zake

Leo nawasimulia habari za Elizabeth Hughes. Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1907 katika jimbo la New York, Marekani. Babake, Charles Evans Hughes, alikuwa gavana na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, lakini ukubwa huo haukumfaa binti kitu. Mwaka 1919, akiwa na miaka 11, alishikwa na kisukari, na dawa haikuwako. Daktari Frederick Allen alimtibu kwa njaa, chakula kidogo mno cha kupimwa kwa mizani. Sisi tunaofunga Ramadhani njaa twaijua, ila yetu huisha magharibi. Yake ilidumu miaka mitatu! Kufikia Agosti 1922 alikuwa na kilo 20 hivi. Hata mbuzi wa hapa Lafey angemshinda.

Huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na wenzake walikuwa wamekwisha kupata insulini. Mamake akampeleka. Akaanza kudungwa kila siku, akala mkate, mwili ukarudi.

Lakini daktari hawezi kuhamia kwa mgonjwa maisha yote. Ilibidi Elizabeth ajifunze kujidunga mwenyewe, na siku hizo si mchezo: bomba lilikuwa la kioo, lazima lichemshwe, na sindano ilinolewa ikiisha makali. Kule Boston Daktari Elliott Joslin alitumia wauguzi kuwafundisha wagonjwa, hata watoto, kupima dawa na kujidunga.

Nimemchagua Elizabeth kwa sababu ya mwenzetu mmoja, aliyenikubalia niandike bila jina. Yeye hujidunga pajani kabla ya kula. Insulini huharibika kwa joto, na joto letu mnalijua, kwa hivyo kichupa chake hukaa nyumbani ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji. Wapo walioona bomba wakanong'ona eti ni dawa za kulevya. Tangu hapo hujificha chooni, na choo si mahali pa sindano.

Elizabeth naye alificha. Alihitimu chuo cha Barnard mwaka 1929, akaolewa 1930, akapata watoto watatu, na marafiki wengi hawakujua lolote. Alifariki Aprili 1981, akiwa na miaka 73. Sindano zake zakisiwa kuwa 42,000 hivi.