Santuri za Queen na Mzaliwa wa Unguja

Mwaka 2015 albamu zote 15 za bendi ya Queen ya Uingereza zilitolewa upya ndani ya sanduku moja, jumla ya santuri 18 za rangi mbalimbali. Sauti iliyomo humo, tangu albamu ya 1973 hata ile ya 1995 iliyokamilishwa baada ya kifo chake, ni ya mtu aliyezaliwa hapa Unguja. Kwa kuwa habari zake husimuliwa watalii kila uchao, na aghalabu kwa kutiwa chumvi, tumeona tuieleze sira yake kama ilivyo.

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wa Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa Bara Hindi, skuli ya bweni ya Panchgani, akajifunza piano na kuanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, na aila nzima ikahamia Feltham, karibu na London. Hatuoni sababu ya kulificha hilo, wala ya kuliongezea maneno.

Huko alisomea sanaa ya uchoraji, na nembo ya Queen ni kazi ya mkono wake. Bendi ilianza mwaka 1970, yeye pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akaingia 1971. Bohemian Rhapsody, wimbo alioutunga mwaka 1975, ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa, na ndani yake mna tamko ambalo kila mtoto wa chuoni hapa hulitamka kabla ya kufungua msahafu.

Doa nalo lipo. Oktoba 1984, wakati nchi zilizo mstari wa mbele zikibeba mzigo wa mapambano dhidi ya makaburu, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyobuniwa na ubaguzi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawatia katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo. Walijitetea kuwa wao si watu wa siasa. Hatuukubali utetezi huo: aliyepanda jukwaa lile alikuwa amekwisha chagua upande. Tarehe 13 Julai mwaka uliofuata waliimba Wembley, kwa dakika zipatazo 20, kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, na wengi hulihesabu kuwa onyesho lao bora kuliko yote.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Hapa Unguja, sherehe ya kukumbuka miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa mwaka 2006 baada ya kupingwa kwa hoja za dini. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake, Shangani. Hata hivyo, katika Mji Mkongwe nyumba zaidi ya moja zimepata kutajwa kuwa ndiyo ya akina Bulsara. Tunawaomba wahusika wa utalii na wa nyaraka wawape watembeza watalii maelezo yaliyothibitishwa, kwa maandishi, na Sun City isiachwe nje.