Maisha ya Daktari Robert Koch

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za kifua kikuu, na wengine wamewauguza jamaa zao wenye maradhi hayo. Lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyekitambua kidudu kinacholeta maradhi hayo, na wachache zaidi wanaojua ya kuwa mtu huyo alifika katika nchi yetu akafanya kazi hapa. Mtu huyo ni Daktari Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa machimbo. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akafuzu udaktari. Alitumika katika vita vya Wajerumani na Wafaransa, kisha mwaka 1872 akawekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao siku hizi umo katika nchi ya Polandi.

Huko hakuwa na maabara wala mwalimu wa kumwongoza. Alikuwa na wagonjwa wengi na hadubini moja. Kondoo na ng'ombe wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma panya kwa vijiti vya mbao vyenye damu ile. Panya walipokufa, aliikagua damu yao akaona vidudu vile vile. Akavikuza nje ya mwili, akaona jinsi vinavyogeuka mbegu ngumu zinazoweza kukaa muda mrefu udongoni. Mwaka 1876 alisafiri mpaka Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake, na tangu siku hiyo akajulikana.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, akapewa maabara na wasaidizi. Walitafuta njia ya kukuza aina moja tu ya vidudu pasipo kuchanganyika na nyingine. Walijaribu juu ya vipande vya viazi, wakajaribu gelatini, lakini gelatini iliyeyuka kwa joto. Ndipo Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wale, alipowashauri kutumia agari itokanayo na mwani, ambayo yeye aliitumia jikoni. Hata leo maabara za dunia nzima hutumia agari.

Siku zile kifua kikuu kiliua watu wengi sana huko Ulaya, na waganga wengi walidhani kuwa ni maradhi ya kurithi. Koch alitia rangi vipande vya mapafu, akaona vidudu vyembamba kama vijiti. Alivikuza juu ya maji ya damu, akangoja majuma kadha, maana vidudu hivi hukua polepole mno. Kisha akawatia wanyama, nao wakaugua. Tarehe 24 Machi 1882 alieleza habari hizo mbele ya wataalamu wa Berlin. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe 24 Machi dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Mwaka uliofuata alikwenda Misri, kisha Bara Hindi, akakitambua kidudu cha kipindupindu.

Lakini si kila alilofanya lilifanikiwa. Mwaka 1890 alitangaza dawa iitwayo tuberkulini, akatumaini ya kuwa itaponya kifua kikuu. Wagonjwa kwa maelfu wakakimbilia Berlin. Dawa ile haikuponya, na baadhi yao wakafa. Baadaye ilionekana kuwa inafaa kwa kupima tu, kujua kama vidudu vimekwisha kuingia mwilini.

Koch alikuja katika nchi yetu mara ya kwanza mwaka 1897, wakati wa utawala wa Wajerumani, akachunguza malaria na maradhi ya mifugo. Mwaka 1905 alirudi. Alichunguza papasi waliojificha katika vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara, akaonyesha kuwa ndio wanaoeneza homa ya papasi, na kuwa mayai yao pia huwa na vidudu vya homa hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Lakini mwaka huo huo vita vya Majimaji vilianza, na tarehe 27 Februari 1906 utawala ule ule uliomkaribisha Koch uliwanyonga mashujaa wetu hapa Songea. Tusisahau mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Ssese, Uganda, akitibu malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Wagonjwa wengi walipata nafuu kwa muda. Kipimo cha dawa kilipoongezwa, baadhi yao walipofuka macho, wasipate kuona tena. Jambo hili ni la huzuni, nalo lasemwa kwa kuwa ni kweli. Daktari Koch alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Je, kazi yake imekwisha? Haijakwisha. Mwaka 1943 dawa ya streptomaisini iligunduliwa, na watu wakafurahi kwamba kifua kikuu sasa kimepata dawa. Lakini wagonjwa waliopewa dawa hiyo peke yake walipata nafuu kwa miezi michache, kisha wengi wakazidiwa tena. Sababu yake ni hii: katika mamilioni ya vidudu, vichache huwa na jeni zilizobadilika, na dawa haiviui. Vilivyo dhaifu hufa, vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Kwa hiyo wagonjwa hupewa dawa kadha kwa pamoja, na kwa miezi mingi. Anayeacha dawa katikati kwa kuwa kikohozi kimepungua huviachia nafasi vidudu sugu. Tena huweza kumwambukiza mtoto au jirani ambaye hajapata kumeza hata kidonge kimoja.

Koch alingoja majuma ili vidudu vyake viote. Kwa njia hiyo ya kukuza, daktari pia hungoja majuma kabla ya kujua dawa ipi imeshindwa, na mgonjwa huweza kufa kabla ya jibu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekubali kipimo cha jeni kiitwacho GeneXpert. Makohozi ya mgonjwa huchanganywa na dawa na kutiwa katika kikasha, na kikasha huwekwa mashineni. Mashine hunakili kipande cha jeni ya kidudu mara nyingi mno, kisha huonyesha kama jeni iitwayo rpoB imebadilika, yaani kama kidudu kimeishinda dawa ya rifampisini. Jibu hupatikana kwa muda wa saa mbili hivi. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walianza kutibiwa nchini mwetu mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro.

Maisha ya Koch yanatufundisha mambo mawili. Alipomtambua adui kwanza, akathibitisha, kazi yake imedumu zaidi ya miaka mia. Alipotanguliza matumaini mbele ya uthibitisho, wagonjwa ndio walioumia. Basi sisi wa Bombambili, wanafunzi na wazazi, tusinunue dawa kwa kubahatisha. Mwenye kikohozi cha majuma mawili aende akapimwe makohozi, na akipewa dawa azimeze mpaka siku ya mwisho aliyoambiwa. Na wale wanafunzi wanaopenda baiolojia na kemia wajue kwamba kazi aliyoianza daktari yule wa wilaya, mwenye hadubini moja, inawangoja.